Ukuta Uliolambwa

Mpaka leo nikipita mahali nikaona nyumba ya udongo imepakwa nyeupe, macho yangu hayakai kwenye nyumba. Yanatafuta ng'ombe. Nikimwona amefungwa mbali, napumua. Nikimwona amesimama karibu na ukuta, naweza kumwambia mwenye nyumba maneno ambayo mwalimu mstaafu hapaswi kuyatamka, na nimeshayatamka, huko njia ya Ndhiwa, mbele ya mwanamke ambaye hakunikosea chochote na ambaye chokaa yake ilikuwa ya dukani. Wanangu wanasema nina hasira za bure. Si za bure hata kidogo. Zilianza na ng'ombe mmoja, na nusura ziishie kwa mtoto.

Mtoto mwenyewe alikuwa wa dada yangu. Dada alikuwa ameolewa Kosele, na alifariki muda mfupi baada ya kujifungua. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa baba yake, hilo halina mjadala, lakini huko kwa baba yake hakukuwa na mwanamke wa kumlea. Basi shemeji yangu akamleta kwa mama yangu huku Suna, kifurushi kidogo ndani ya shuka, na nyuma yao alikuja ng'ombe jike anayenyonyesha, mwekundu wa ile rangi tunayoiita silwal. Shemeji alisema mbele ya majirani kwamba huyu ng'ombe si mahari wala si zawadi. Ni wa mtoto. Asiuzwe, asiazimwe, asichinjwe, mpaka mtoto aweze kula ugali. Baba yetu alikuwa mbali kwenye mashamba ya chai, mimi nilikuwa chuo cha ualimu, kwa hiyo nyumbani walibaki watatu tu: mama, mtoto na silwal.

Wanawake waliokuwa wakinyonyesha pale jirani walikuwa na watoto wao wa kuwatosha. Wengine, nasema ukweli, waliogopa kumpa titi mtoto aliyezaliwa na mama yake akafa. Mama hakuwabembeleza. Alikuwa akimkamua silwal asubuhi na jioni, anachemsha maziwa, anayazimua kwa maji, anamnywesha mjukuu wake kijiko baada ya kijiko. Nilipokuja likizo ya kwanza mtoto alikuwa na mashavu. Alikuwa na kidevu cha dada yangu, na akishiba alikuwa akilala mdomo wazi kama yeye. Mama alikuwa akimtazama mpaka unaona aibu kubaki chumbani.

Sasa niwaeleze habari ya nyeupe.

Ukiteremka kutoka kwetu, ukapita Masara ambako watu walichimba dhahabu kwa majembe na kuichekecha kwa karai, unafika kwenye mgodi mwingine, mkubwa, wa mashine. Huo ulikuwa wa shaba. Walilichoma jiwe pamoja na chumvi, wakalitia kwenye asidi ya moto mpaka shaba ikayeyuka, kisha wakatupa vyuma chakavu humo ili shaba ing'ang'anie chuma. Maji yaliyobaki yalitiwa mawe ya chokaa yaliyosagwa, yaliyoletwa kwa malori kutoka upande wa Homa. Hapo kitu cheupe kilijitenga na kushuka chini ya tangi, laini, kinene kama uji. Hicho hawakukitaka. Kiliziba mabomba yao, wakawa wanakimwaga nje ya ua, kinatoa mvuke, kinashuka mpaka bwawa la taka.

Sijui ni mwanamke gani alianza. Wanawake wa kwetu hawawezi kuona udongo wa rangi mpya wakaupita. Nyumba ni kazi yetu. Mwanamume hujenga fito na paa, lakini ukuta ni wa mwanamke, na ukuta wako mbaya ndiyo habari yako yote kijijini. Basi mmoja alibeba, akapaka, nyumba ikawaka kama jino. Mwezi haukuisha kila mtu alitaka. Na walijifunza wenyewe kanuni yake: uichukue ikiwa ya moto. Ile ya bwawani, iliyopoa na kulala, ukiipaka inakauka, halafu inadondoka unga mtupu. Imekufa, walisema. Ile ya moto, inayotoka tangini huku inafuka, ukiibeba mbio na kuipaka mbio, inakamata ukutani na kuwa ngumu mpaka msumari unapinda. Ndiyo maana ungewaona wakipanda kile kilima na karai kichwani, ngata ya majani ya migomba imelowa, wanakimbia na kucheka na kulia moto kwa pamoja. Aliyechelewa njiani alifika na jiwe ndani ya karai, na alitaniwa wiki nzima.

Mama alipaka yake kabla ya masika. Alikuwa na sababu. Watu wa Kosele, upande wa baba mtoto, walikuwa wametuma habari kwamba watakuja kumwona mtoto wao. Mama alitaka wafike wakute nyumba inayosema yenyewe kwamba hapa mtoto halelewi na maskini. Alibeba ya moto, safari nyingi, akapaka kuta zote, na mbele akachora kwa vidole ile mistari ya mawimbi aliyofundishwa na mama yake. Makapi yaliyoganda ndani ya karai aliyabandua, akayatupa nyuma ya nyumba.

Nilipokuja likizo ya pili nilisimama njiani nikacheka kwa furaha. Nyumba ilikuwa nzuri, siwezi kusema vingine. Lakini nilipokaribia niliona mambo mawili. La kwanza, ukuta ulikuwa unatoka jasho. Mvua ilikuwa haijanyesha siku hiyo, jua kali, na bado matone madogo yalikuwa yamesimama ukutani. La pili, silwal alikuwa amesimama pale pembeni, amefumba macho, anaulamba. Ulimi wake ulikuwa umeshachimba shimo refu kwenye mawimbi ya mama.

"Mama, ng'ombe anakula nyumba," nilisema.

"Mwache, nyara," mama akanijibu. Nyara ni binti yangu. "Ni bala hiyo. Onja uone ilivyo chumvi."

Bala ni udongo wa chumvi. Watu wanaokaa karibu na ziwa huwapeleka ng'ombe kuulamba, na ng'ombe akilamba bala hunywa maji mengi na maziwa huongezeka. Sisi wa huku juu tuko mbali nayo, ng'ombe wetu wana kiu ya chumvi mpaka wanalamba jasho mgongoni mwa mtu. Kwa hiyo mama alipoona silwal anang'ang'ania ukuta, alishukuru Mungu. Bala imekuja mpaka mlangoni! Akaenda nyuma ya nyumba, akakusanya yale makapi ya karai, akayavunjavunja ndani ya chungu kilichopasuka na kumwekea silwal kila jioni wakati wa kukamua. Alifanya hivyo kwa sababu ya mtoto. Mtoto alikuwa anakua, na maziwa yalihitaji kuongezeka.

Mikono ya mama ilikuwa imepasuka katikati ya vidole, na kucha zimegeuka rangi. Nilimuuliza. Akasema ni kazi tu.

Haikupita wiki silwal akaacha kula. Alisimama kichwa chini, masikio yamelegea, anasaga meno. Maziwa yakapungua, yakawa ya kijiko. Mama alichemsha majani aliyoyajua, akamnywesha. Akashuku jicho la jirani mmoja ambaye nyumba yake haikutoka nyeupe sawasawa. Akaomba kanisani, maana sisi tulikuwa wa Sabato. Asubuhi moja nikaenda kuzoa samadi, nikaona ni ya rangi ya kijani inayoelekea bluu. Nikasimama na koleo mkononi. Niliijua ile rangi. Chuoni kwetu ilikaa ndani ya chupa kwenye kabati la sayansi: mrututu, chumvi ya shaba. Mkojo wake ulikuwa mweusi kama chai iliyosahauliwa jikoni. Nikamfunua jicho, na pale palipotakiwa kuwa peupe palikuwa pa njano.

Nilishuka mgodini siku hiyo hiyo, na sare yangu ya chuo nimeipiga pasi.

Bwana wa maabara alikuwa Mzungu kijana, hakunipita sana kwa umri, kaptula na soksi ndefu, pua imebabuka kwa jua. Nilimwamkia kwa Kiingereza. Akanijibu kwa kile Kiswahili chao cha jikoni, "Wewe nataka nini? Kazi ya kufua hapana iko." Nikaendelea na Kiingereza changu, taratibu, kama mtu anayemsomea kiziwi. Nikamwambia kwamba ng'ombe wetu ni mgonjwa. Kwamba amelamba ukuta uliopakwa nyeupe ya tangi lao. Kwamba samadi yake ina rangi ya mrututu.

Aliposikia ukuta akainua kichwa. Akakiacha Kiswahili cha jikoni, akaanza kusema na mimi Kiingereza cha watu. Ulipakwa lini? Ilichukuliwa ya moto au iliyopoa? Imenyeshewa? Bado ni ngumu? Inatoka jasho, kweli? Nikajibu yote kwa bidii. Nilidhani anauliza kama daktari, anausogelea ugonjwa. Kumbe alikuwa anaulizia hali ya ukuta.

Akanivuta mpaka mezani kwake. Alikuwa na mirija ya kioo imesimama ndani ya maji ya moto, mingine ndani ya maji ya baridi, na ndani ya kila mmoja kuna kitu cheupe. Akanieleza. Na hapa ndipo hasira zangu huwa zinapata kigugumizi, kwa sababu yule kijana alifundisha vizuri kuliko mwalimu yeyote niliyekuwa naye chuoni. Alisema hii ni jasi, ile ile inayofungiwa mguu uliovunjika hospitalini. Jasi ni jiwe lenye maji ndani yake, ingawa mkononi ni kavu. Likikaa ndani ya asidi kali, yenye chumvi nyingi, na ya moto, haliwezi kushika maji yake yote. Linabaki na kidogo tu. Hiyo ndiyo hali inayolifaa humo tangini. Punguza moto, au punguza asidi, na ile hali haimudu kusimama tena: jiwe linakunywa maji, vijisindano vyake vinakua na kushikana, likageuka jasi kamili. Likigeukia bombani, bomba linaziba. Likigeukia bwawani polepole, linakuwa tope lisilo na nguvu, kwa kuwa limeshakunywa. Kazi yake yeye ilikuwa kujua ni kwa moto gani, asidi gani na chumvi kiasi gani jiwe linabaki lilivyo, na kwa muda gani, ili mabomba yasizibe. Alikuwa amechora mistari kwenye karatasi, huku jiwe hili, huku jiwe lile. Aliipenda ile michoro. Niliona.

Miaka yote niliyofundisha kemia, nilifundisha jasi kama alivyonifundisha yeye. Sikupata njia bora. Hilo nalo linaniudhi.

Nikamuuliza, "Na asidi? Na shaba? Vinabaki humo ndani?"

"Bila shaka," akasema. "Hatuioshi. Ikiwa ya moto imejaa maji ya tangi."

Alisema bila shaka huku anapangusa mrija kwa kitambaa. Nikamuuliza tena, je, anajua wanawake wanaibeba kichwani na kuipaka kwa mikono mitupu ndani ya nyumba wanazolala? Akasema ndiyo, wanaonekana pale kila siku. Inawapunguzia watu wa mgodi kazi ya kuitupa.

Basi ndiyo hivyo. Ile ya bwawani, ambayo mvua ilikuwa imeshaiosha, haikuwa na madhara kwa ng'ombe, lakini haikukamata ukutani. Ile iliyokamata ukutani ndiyo iliyobeba sumu. Wanawake walichagua iliyo bora, kwa akili zao na kwa miguu yao, na mtu aliyejua tofauti alikuwa anawatazama kupitia dirishani. Nilishika ukingo wa meza. Nilikuwa nimelelewa kutopandisha sauti mbele ya mkubwa, na huyu hata mkubwa wangu hakuwa.

Akaniuliza kama anaweza kuja kuuona ukuta.

Nilikubali. Nilijiambia akija atamwona silwal, na akimwona atafanya kitu. Pengine ana dawa, pengine mgodi una daktari wa mifugo. Nilipanda gari la mgodi kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikiwa nimekaa nyuma na nyundo yake ndogo na sanduku la chupa.

Silwal alikuwa amelala uani, miguu ameikunja vibaya, povu mdomoni. Alikuwa katikati ya njia. Bwana wa maabara alimzunguka, akaenda moja kwa moja ukutani. Akaupapasa. Akaukwaruza kwa ukucha. Akagonga kwa nyundo, kipande kikatoka, akakigeuza kwenye jua na kutabasamu. Akasema kwa Kiingereza kwamba ni ajabu sana, kwamba kwenye mirija yake haidumu hivi, kwamba pengine chumvi iliyobaki ndani inazuia sehemu nyingine isigeuke. Akatia vipande ndani ya chupa.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, mtoto begani. Mtoto alikuwa analia kile kilio cha njaa ambacho hakina machozi. Tangu asubuhi alikuwa amepata uji mwembamba wa wimbi tu, na nusu yake aliitema.

"Anasema nini?" mama akaniuliza kwa Dholuo.

"Anaisifu nyumba yako."

"Mwambie habari ya ng'ombe. Mwambie huyo ni ng'ombe wa mtoto."

Nikamwambia. Akageuka, akamtazama silwal kama mtu anayeonyeshwa picha ya ukoo wa wengine. Akamwambia mama, "Pole, mama. Ng'ombe nakula kitu mbaya kidogo. Pea yeye maji mingi. Atapona."

Mama hakujua Kiswahili kingi. Alikuwa na kile cha soko la Migori, cha kununua chumvi na kuuza mayai. Akakikusanya chote alichokuwa nacho, akamuuliza mwenyewe, bila kupitia kwangu. "Hii ukuta iko mbaya?"

"Hapana!" akasema. "Ukuta mzuri sana. Hapana shida."

Asubuhi ile ile alikuwa ameniambia mimi bila shaka. Sasa anamwambia mama hapana shida. Sijui kwa nini. Pengine aliogopa mabwana zake, pengine aliona aibu, pengine kwake mama hakuwa mtu wa kuambiwa kitu cha kweli. Nimempa sababu nyingi kwa miaka mingi, na hakuna hata moja inayonituliza. Nikamnyang'anya kile kipande mkononi, nikakishika mbele ya mdomo wake.

"Lamba," nikasema.

Nilisema kwa Kiswahili, makusudi, mama asikie.

Akacheka. "Nini?"

"Umesema hapana shida. Lamba. Kidogo tu, kwa ncha ya ulimi. Huyu amelamba mwezi mzima."

Akaacha kucheka. Akakitazama kile kipande. Uso ukamwiva hadi shingoni, mwekundu kuliko ile pua. Majirani wawili waliokuwa wameegemea ua walisogea kutazama. Niliendelea kukishika pale. Mwishowe alikichukua kutoka vidoleni mwangu, taratibu sana, akakiweka kwenye kizingiti cha dirisha. Akapangusa mkono kwenye kaptula, mara mbili. Akafunga sanduku la chupa, akapanda gari.

Mama alilitazama gari mpaka vumbi likatulia.

"Hakulamba," akasema.

Silwal alikufa kesho yake asubuhi. Majirani walikuja na visu, na mama aliwazuia mlangoni pa zizi kama mlevi anayetafuta ugomvi. Hakuna atakayekula nyama hii. Walinung'unika sana, kuzika ng'ombe mzima katika msimu ule wa njaa ni tusi. Tulimzika. Kisha mama alichukua jembe, akaanza kuubomoa ukuta wake mwenyewe. Kwetu nyumba ya mwanamke aliye hai haivunjwi hivi hivi, ni kama kumtakia mauti, na wanawake wenzake walimsihi aache, apake tu samadi juu yake. Hakusikia. Ile nyeupe ilikuwa ngumu kweli kweli. Jembe lilidunda. Tulipokezana mpaka viganja vikatoka malengelenge, tukaitoa pamoja na udongo wake, fito zikabaki nje kama mbavu. Tuliifukia yote juu ya silwal. Kwa jirani mwingine kondoo walikuwa wameanza kufa, na ndipo wanawake wengine nao wakatafuta majembe.

Na mtoto? Ndiyo, huyo ndiye aliyekuwa kichwani mwangu kila jembe liliposhuka. Uji wa wimbi ulimharisha. Mashavu yalikwisha upesi kuliko nilivyodhani mashavu yanaweza kwisha. Shemeji alikuwa amepelekewa habari Kosele, lakini kutoka Kosele na ng'ombe mwingine, kwa miguu, katika matope yale, hakukuwa jambo la leo wala kesho. Mtoto alikuwa halii tena. Alikuwa anatazama tu, na kile kidevu cha dada yangu kimechongoka.

Ndipo gari la mgodi lilipokuja. Dereva peke yake. Alishusha kopo kubwa la maziwa ya unga, lina picha ya mtoto wa Kizungu mnono, akasema bwana wa maabara ametuma, akaondoka kabla ya kusalimiwa. Kabla ya kuja kwetu alikuwa amesimika kibao karibu na tangi, nilikuja kukiona baadaye, kimeandikwa hatari kwa Kiingereza, kwa ajili ya wanawake ambao wengi wao hawakusoma hata Dholuo. Lakini kibao kingesubiri. Mimi nililiangalia lile kopo nikaona uhai. Nilikimbia kuweka maji jikoni.

Maji yalipochemka nilifungua kopo kwa kisu, nikainama kuchota, na mkono wa mama ukashuka juu ya kifuniko.

"Ni nini hicho?"

"Ni maziwa, mama. Maziwa yaliyokaushwa. Tunatia maji."

Akachungulia ndani. Unga mweupe, laini, umetoka mgodini, unaotiwa maji ya moto. Nilimwona anavyouona.

"Yule Mzungu aliulamba?" akaniuliza.

"Mama, haya yametoka dukani. Chuoni tunakunywa kila siku. Mtoto anakufa."

"Nimekuuliza. Aliulamba?"

"Sijui."

"Mimi nilimpa silwal kwa mkono wangu," mama akasema. "Kwenye chungu. Kila jioni." Akalivuta lile kopo kifuani kwake, akalifunika kwa mikono ile iliyopasuka. Mtoto alikuwa mgongoni mwake, kichwa kimelegea upande.

Niseme nilivyohisi. Nilimchukia mama kwa dakika ile. Nilimchukia kwa kuwa alikosea, na zaidi kwa kuwa alikuwa na haki ya kukosea. Yule bwana hakutuulia ng'ombe tu. Alikuwa amechukua mdomo wa kila mtu anayejua kusoma, na wangu ukiwemo, akauharibu, mpaka mama yangu mzazi akawa hawezi kuniamini juu ya kopo la maziwa huku mjukuu wake anazimika mgongoni. Sikuwa na neno la kemia la kumpa.

Basi nikachukua kijiko. Nikamwambia, "Lete." Akasita, akalegeza mkono. Nikachota unga mkavu, kijiko kimejaa, nikautia mdomoni mbele yake. Ulinata kwenye kaakaa, nikaulamba, nikameza. Nikachota wa pili. Ulikuwa mtamu, na ule utamu ulinitia hasira nikataka kuutema.

Mama aliketi kwenye kigoda, akanikazia macho. Alinitazama midomo, macho, kucha. Akanifunua jicho kwa kidole gumba kama nilivyomfunua silwal. Maji jikoni yakapoa, nikayachemsha tena, yakapoa tena. Nilimsihi. Nilimpigia kelele, mimi ambaye sikuwahi kumpandishia mama sauti. Hakutikisika. Jua lilipofika juu ya nyumba ile yenye mbavu nje, na mimi bado nimekaa mbele yake mzima na mwenye ghadhabu, ndipo alipofungua kanga, akamshusha mtoto, akasema, "Haya. Koroga."

Alikunywa. Kijiko cha kwanza kilimtoka pembeni ya mdomo, cha pili kikaingia. Mama alikuwa analia, mimi nilikuwa bado nimenuna, na kati yetu yule mtoto alikuwa anakunywa.

Watu wa Kosele walipofika walikuta nyumba imevuliwa ngozi na zizi halina ng'ombe. Hawakuuliza la nyumba. Walimpokea mtoto, wakampitisha mkono kwa mkono, wakampima uzito kwa macho, na shemeji akatoka nje kwanza kabla ya kuweza kusema. Makopo yaliyofuata aliyanunua mwenyewe, kwa Mhindi pale Migori. Hata hayo ya dukani mama hakuyaamini. Kila kopo jipya nililamba mimi kwanza, na niliporudi chuoni alilamba yeye, akakaa akajingoja, ndipo akakoroga. Mpaka mtoto alipoanza kula ugali hakuna kopo lililofunguliwa nyumbani kwetu bila mtu kuweka ulimi wake mwenyewe.

Yule bwana hakulamba hata mara moja.